Timu Inapofungasha Virago

Mto Rufiji hauanzii kwetu. Maji yanayopita chini ya Daraja la Mkapa, lile lililofunguliwa mwaka 2003 likatuondolea adha ya kusubiri kivuko cha Ndundu, yametoka mbali sana. Mengine yametoka Kilombero, mengine Luwegu, na mengine yameletwa na Ruaha Mkuu kutoka nyanda za Usangu, wilaya ya Mbarali, mkoani Mbeya. Huko Usangu kuna kinamasi kipana ambamo maji hutuama kwanza kabla ya kuanza safari ya kuteremkia Mtera na Kidatu na hatimaye kutufikia sisi. Kinamasi hicho huitwa Ihefu. Sisi wa bonde la chini na wa visiwa vya delta, ambao mpunga wetu hustawi au huangamia kwa jinsi mto ulivyoamka mwaka huo, tunaishi kwa hisani ya kinamasi hicho ingawa wengi wetu hatujapata kukiona kwa macho.

Kwa hiyo mwaka 2020, timu ya kandanda yenye jina la Ihefu ilipopanda Ligi Kuu ya Tanzania Bara, baadhi yetu huku Kibiti tulijipatia sababu ya kuipenda. Kibiti hatuna timu ya Ligi Kuu, na mtu asiye na mtoto hulea wa jirani. Wengine walichagua Namungo ya Ruangwa, majirani zetu wa mkoa wa Lindi. Wengine Azam, kwa kuwa uwanja wake wa Chamazi uko upande wetu wa jiji, pale mtu anapoacha barabara ya Kilwa kuelekea Mbande. Lakini wale tuliosoma ramani ya mto tulisema: hawa wa Ihefu ni ndugu zetu wa maji.

Maskani ya timu yalikuwa Ubaruku, mji mdogo wa wakulima wa mpunga kama sisi. Uwanja wake ulikuwa wa Highland Estates. Timu ilishuka daraja mwaka 2021, ikarudi mwaka 2022, na ndipo yakatokea yale ambayo kila mpenzi wa kabumbu nchini anayakumbuka. Tarehe 29 Novemba 2022 Yanga ilikwenda Mbarali ikiwa haijafungwa katika mechi 49 za ligi. Ilirudi imefungwa 2-1.

Naomba nieleweke. Mimi ni mtu wa Yanga, kama alivyokuwa marehemu baba yangu, na siku ile katika kibanda umiza cha hapa Kibiti sikufurahi hata kidogo. Washabiki wa Simba waliokuwa wamejazana nyuma yetu walifurahi kwa niaba ya dunia nzima. Lakini hata ndani ya uchungu ule niliona jambo ambalo mchezo huu unalifanya na siasa hailifanyi mara nyingi: mji ambao watu wa Dar es Salaam wengi hawakuwa wakiujua ulikuwa umewalazimisha wakubwa wasafiri kwenda kwao, wakanyage nyasi zao, na waondoke na aibu. Tarehe 4 Oktoba 2023 Yanga ikarudi Ubaruku, na matokeo yakawa yaleyale, 2-1. Wakati huo hata wana Yanga wenzangu walianza kuuita uwanja ule machinjio.

Miezi michache baadaye machinjio yalifungwa. Mapema mwaka 2024, ligi ikiwa katikati, Ihefu ilihamishwa kutoka Mbarali kwenda Singida, katika uwanja wa LITI, ambao zamani tuliuita Namfua. Ilimaliza msimu ikiwa bado na jina lake, kama mgeni aliyelala na koti. Msimu wa 2024/25 ulipoanza, jina la Ihefu halikuwamo tena katika ratiba. Timu ilikuwa inaitwa Singida Black Stars. Nafasi katika Ligi Kuu ilikuwa ileile, iliyopatikana kwa jasho Mbarali, lakini mtu wa Ubaruku akitaka kuiona ilimpasa apande basi avuke mikoa.

Ukitazama upande wa Singida, kisa kinakuwa kigumu zaidi kukitolea hukumu. Singida nao walikuwa na timu yao, Singida United, iliyopanda Ligi Kuu mwaka 2017 na kushuka mwaka 2020. Mwaka 2022 timu ya DTB ya Dar es Salaam ilipanda daraja, ikahamishiwa Singida, ikaitwa Singida Big Stars. Mwaka uliofuata ikaitwa Singida Fountain Gate. Mwaka 2024 timu hiyo nayo ikaondoka Singida, ikaenda kuchezea Mwanza, kisha ikatua Babati, mkoani Manyara, ikabaki na jina la Fountain Gate pekee. Na katika msimu huohuo ambao Fountain Gate ilikuwa inatoka mlangoni, Ihefu ilikuwa inaingia. Mpenzi wa soka wa Singida alipokonywa timu akapewa timu kabla kilio hakijakauka. Sasa tumwambie alie au acheke? Nadhani alicheka, na simlaumu. Lakini nadhani pia kwamba alikuwa amejifunza kutoiweka roho yake yote pale uwanjani, maana aliona mwenyewe kwamba kilichokuja kwa lori kinaweza kuondoka kwa lori.

Hapo ndipo ulipo wasiwasi ninaotaka kuuzungumzia, ndugu msomaji, wasiwasi wa mpenzi wa timu katika mji mdogo. Timu inapofungwa, mpenzi hukasirika. Inaposhuka daraja, hulia, kisha hujipa moyo kwamba itapanda. Timu inapohama hapati cha kujipa. Haikufa, maana anaiona katika televisheni inashinda. Haikushindwa, maana imekwenda kuwa tajiri zaidi. Anayeomboleza maiti huwa na kaburi la kwendea, lakini huyu marehemu wake anacheza vizuri kuliko zamani, na Septemba 2025 akanyanyua Kombe la Kagame jijini Dar es Salaam kwa kuifunga Al Hilal ya Sudan. Mtu wa Ubaruku alipaswa kuishangilia? Sijui mimi ningefanya nini.

Na hasara haikuwa ya roho peke yake. Kwa mji mdogo, siku ya mechi ya Ligi Kuu ni siku ya soko. Nyumba za wageni hujaa, mama lishe hupika sufuria mbili zaidi, vijana wa bodaboda hawapumziki, na muuza miwa anayekaa mlangoni mwa uwanja hurudi nyumbani kigari kikiwa kitupu. Hayo hayaandikwi katika mkataba wowote, kwa hiyo siku ya kuhama hakuna anayeyahesabu.

Huku kwetu neno kuhama lina uzito wake. Mwaka 1968 Rufiji ilifurika vibaya. Watu wa bondeni walizoea mafuriko. Mto ulipopanda walipanda juu ya madungu yao, na ulipokupwa walipanda mlau katika tope lililobaki, mahindi na kunde na mboga, mavuno ambayo mtu wa nchi kavu hawezi kuyaelewa. Lakini mafuriko yale yalikuwa makubwa, na serikali ikaona hii ndiyo nafasi. Mwaka 1969 ikafuata Operesheni Rufiji, na watu wakatolewa bondeni kupelekwa katika vijiji vya ujamaa kwenye ardhi ya juu, miaka kadhaa kabla nchi nzima haijaingia katika Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970. Sababu zilizotolewa zilikuwa nzuri: shule, zahanati, maji ya bomba, usalama. Baadhi zilikuja kweli. Ikwiriri unayoiona leo, yenye maduka na makelele, imekua kutokana na uhamisho ule, na sitaki kuwa miongoni mwa wanaosema kila kitu kilichofanywa wakati ule kilikuwa kibaya.

Lakini wazee waliotulea walikuwa na kauli moja ambayo haikubadilika hadi wanaingia kaburini: hatukuulizwa. Hawakusema tulidhulumiwa, wala hawakusema tulipigwa. Hatukuulizwa. Na kwa kuwa hawakuulizwa, walirudi. Mashamba yalikuwa bado bondeni, udongo wa juu ulikuwa mchanga mtupu, hivyo kila msimu familia nzima zilitelemka kwa miguu na kwa mitumbwi, zikajenga tena madungu, zikafukuza ndege na nguruwe katika mpunga, kisha zikapanda tena juu baada ya mavuno. Kwa karatasi walikuwa wamehama. Kwa miguu yao walikuwa hawajahama kabisa.

Watu wa delta nao walipata zamu yao ya wasiwasi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kulikuja mpango wa kampuni moja wa kufuga kambamti katika maelfu ya hekta za delta, penye mikoko yetu, ambayo ni msitu mkubwa wa mikoko kupita yote ya pwani ya Afrika Mashariki. Vijiji vingepaswa kupisha mabwawa. Wananchi waligawanyika, wengine wakitaka ajira, lakini wengi walikataa, wakafika mpaka mahakamani, na mradi haukujengwa. Na mafuriko ya Aprili 2024 yalipoifunika Muhoro na sehemu kubwa ya Rufiji na Kibiti, maneno ya kuhamia maeneo ya juu yakaanza tena. Kila kizazi hapa kina mwaka wake wa kuambiwa hama.

Tena kuna uzi mwingine unaotuunganisha na Ihefu, nao si mtamu. Mwaka 2006, Ruaha Mkuu ikiwa imezoea kukauka kila kiangazi na nchi ikiwa gizani kwa mgawo wa umeme, serikali iliamuru mifugo iondolewe katika Usangu na kinamasi cha Ihefu. Wafugaji wakaswaga makundi makubwa ya ng'ombe kuelekea Lindi na kwetu Pwani. Wengi waliishia Rufiji. Mtu aliyefukuzwa kwenye chanzo cha maji akafuata maji yaleyale mpaka yanakoingia baharini! Hawakuulizwa kule walikotolewa, na sisi hatukuulizwa huku walikoletwa. Matokeo yake ni ugomvi wa mkulima na mfugaji usiokwisha, na mwezi Mei 2012 Ikwiriri ilichafuka, damu ikamwagika. Siku hizi wafugaji hao ni majirani zetu, watoto wao wanasoma na wa kwetu, na baadhi yao wanacheza mpira katika timu zetu za kata, tena wana mbio kweli kweli. Lakini ilichukua muda na ilichukua maisha ya watu.

Najua msomaji ataniuliza: unalinganishaje timu ya mpira na watu waliong'olewa makwao? Silinganishi uzito. Mtu aliyebomolewa nyumba na mtu aliyeondolewa burudani ya Jumamosi hawako sawa, na kusema wako sawa ni kumtukana yule wa kwanza. Ninachokiona ni kwamba namna ya kufanya ni ileile. Uamuzi hufanywa mbali, sababu zake huwa na mantiki, tarehe hutangazwa, na wale waliokuwa wanakiita kitu hicho "chetu" hugundua siku hiyo kwamba neno hilo lilikuwa ni la mdomoni tu. Na tofauti iliyopo ni ya kusikitisha kwa upande wa mpira, maana Mrufiji aliweza kurudi bondeni usiku na jembe lake. Mshabiki wa Ihefu hawezi kurudi usiku akaipanda timu upya pale Ubaruku.

Haki nayo itendeke kwa wenye timu. Kuendesha timu ya Ligi Kuu katika nchi hii ni kumwaga maji kwenye mchanga. Kuna mishahara, kambi, usajili wa wageni, nauli za kutoka pembe moja ya nchi hadi nyingine, na makusanyo ya mlangoni ambayo hushangaza tu siku Simba au Yanga zinapokuja. Zikiondoka hizo mbili, uwanja wa mji mdogo huweza kuwa na watu wanaohesabika kwa macho. Aliyetoa fedha zake miaka yote anayo haki ya kusema: mlinipa makofi, hamkunipa kiingilio. Sisi wenyewe hapa Kibiti tungeletewa leo timu yenye nafasi yake katika Ligi Kuu, kutoka mji wowote ule, tungeuliza kwanza huko ilikotoka wanaionaje? Hatungeuliza. Tungetengeneza mabango, tungepika pilau, na mheshimiwa angehutubia. Nimelitafakari jambo hili mara nyingi na sijapata njia ya kulikwepa.

Swali basi ni kwa nini timu nyingine hazihami. Chukua Yanga iliyoanzishwa mwaka 1935 na Simba iliyofuata mwaka 1936. Fedha zimezikimbia mara ngapi, na mara ngapi ofisi zimefungwa kwa kufuli na wanachama wenyewe? Hata hivyo hakuna aliyewahi kuota kwamba Yanga itaondoka Jangwani au Simba itaondoka Msimbazi. Zilizaliwa na wakazi wa Kariakoo na vitongoji vyake, mji ambao Warufiji, Wandengereko, Wazaramo na wengineo walikutana wakitafuta kibarua, na wakazi hao waliandikwa majina, wakachangia, wakapata kadi. Mwaka 1976 Yanga iligawanyika vibaya, wachezaji wazuri wakaondoka na wakubwa kadhaa, ikazaliwa Pan African. Tazama kilichotokea: watu walihama, klabu haikuhama. Jina, rangi na jengo vilibaki palepale kwa wale wenye kadi. Hata Simba ilipoingia katika mabadiliko ya mfumo mwaka 2017, ubishi mkubwa ulikuwa juu ya wanachama kubaki na asilimia 51. Wengine waliona ni ukaidi wa watu wasio na fedha. Mimi naona ilikuwa kumbukumbu.

Timu za majeshi ni habari nyingine. Askari na uhamisho ni ndugu, na timu zao huchukua tabia hiyo. Mkoa wetu wa Pwani ulijivunia timu mbili zenye jina la mto Ruvu. JKT Ruvu ilishuka mwaka 2017, na iliporudi mwaka 2018 ilikuwa JKT Tanzania, yenye uwanja wake Mbweni, jijini. Ruvu Shooting ya Mlandizi ikashuka mwaka 2023. Mkoa ukabaki mtupu, na wala hapakuwa na maandamano, kwa sababu hakuna raia aliyekuwa amewahi kudhani kwamba timu zile zilikuwa zake. Zilikuwa za kikosi.

Za karibu zaidi na sisi, kwa moyo ikiwa si kwa ramani, zilikuwa timu za Mbagala. Mbagala ni Rufiji ya pili. Ukishuka pale Rangi Tatu utasikia lafudhi ya kwenu kabla hujasikia ya mjini. Palikuwa na timu ikiitwa Mbagala Market, jina ambalo halikuhitaji maelezo, maana lilisema ni ya soko gani na ya watu gani. Ilinunuliwa na mfanyabiashara Mohamed Dewji, ikaitwa African Lyon, ikacheza Ligi Kuu, kisha ikabadili mikono tena. Sisemi kwamba ununuzi ule ulikuwa mbaya, huenda bila huo timu isingefika popote. Ila mama anayeuza samaki wa kukaanga pale sokoni aliwahi kuwa na timu iliyobeba jina la mahali pake pa kazi, na baada ya pale hakuwa nayo.

Duniani kwingine wamelipitia hili kabla yetu, na si wote waliokunja mikono. Marekani ndiko kwenye desturi ya timu kuhama kama duka, na kilio cha watu wa Brooklyn baada ya timu yao ya besiboli, Dodgers, kuhamia Los Angeles baada ya msimu wa 1957 hakijaisha hata leo. Lakini mwaka 1995 mwenye timu ya Browns ya Cleveland alipotangaza kuipeleka Baltimore, mji wa Cleveland ulikwenda mahakamani na kupiga kelele hadi ukapata mapatano ya ajabu: wachezaji na mwenye timu waende, lakini jina, rangi na kumbukumbu za ushindi zibaki Cleveland zikisubiri timu mpya. Timu mpya ikaja mwaka 1999, ikavaa nguo zilizokuwa zimetunzwa.

Uingereza nako, Wimbledon, timu iliyoifunga Liverpool katika fainali ya Kombe la FA mwaka 1988, iliruhusiwa mwaka 2002 na jopo la watu watatu, wawili wakikubali na mmoja akikataa, kuhamia mji wa Milton Keynes ulio umbali wa kilomita tisini hivi. Washabiki hawakusubiri siku ya kuhama. Mwaka huohuo wa 2002 waliunda timu yao, AFC Wimbledon, wakaanzia madaraja ya chini kabisa ambako watu hucheza baada ya kazi, na umiliki ukabaki kwa washabiki wenyewe. Mwaka 2007 ile timu iliyohama ilirudisha vikombe na historia ya kabla ya kuhama kwa wilaya ya Merton, ndiko Wimbledon iliko. Mwaka 2020 washabiki wakafungua uwanja wao mpya katika mtaa uleule wa Plough Lane. Iliwachukua miaka 18.

Nikisoma habari hizo hujiuliza kama Ubaruku wangeweza. Wimbledon wana magazeti, mawakili na mishahara. Lakini Ubaruku wana mpunga, na mpunga si kitu kidogo. Yanga na Simba zilianza na watu wenye kidogo kuliko hapo. Walichokosa si fedha bali karatasi. Hapakuwa na daftari lenye majina ya watu wa Mbarali likisema kwamba jina Ihefu, ambalo ni jina la kinamasi chao, lisingeondoka bila wao kupiga kura. Na jina lenyewe, fikiria, halikuwa na kazi yoyote Singida. Lilitupwa msimu mmoja baadaye. Kama lingeachwa Mbarali tangu mwanzo, angalau vijana wa daraja la chini wangekuwa na kitu cha kuvaa.

Nayaandika haya si kwa ajili ya Mbarali peke yake. Tangu Kibiti iwe wilaya kamili, ikitengwa na Rufiji, kumekuwa na mazungumzo ya kuwa na timu moja ya wilaya itakayopanda madaraja. Vijana wapo. Wako wa nchi kavu, wa Bungu na Mchukwi, na wako wa visiwani, wa Mbwera na Salale, ambao hucheza kwa saa ya maji: timu ngeni huja maji yakijaa na lazima iondoke kabla hayajakupwa, la sivyo italala huko, kwa hiyo refa wa delta hatakiwi kuongeza dakika nyingi. Katika kikao kimoja nilichoalikwa kama mzee, ilisomwa rasimu ya katiba, na tulipofika mahali pa mali za klabu, fundi cherehani mmoja ambaye huwa hasemi alinyoosha mkono. Alitaka iandikwe kwamba jina, rangi na makao ya timu ni vya wanachama walioandikishwa ndani ya wilaya ya Kibiti, na kwamba haviwezi kuuzwa wala kuhamishwa na kiongozi, mfadhili au mtu mwingine yeyote, ila kwa kura ya theluthi mbili ya wanachama hao.

Vijana walipinga vikali. Walisema, na hawakukosea, kwamba tukiandika hivyo hakuna tajiri atakayeleta shilingi yake, na tutabaki na katiba nzuri na viatu vilivyotoboka. Mmoja aliuliza, mzee, kati ya timu ya Kibiti isiyopanda na timu ya kupanda itakayoondoka baada ya miaka mitano, wewe ungechukua ipi? Fundi cherehani alijibu kwamba babu yake alihamishwa mwaka 1969 na lori la serikali, akapewa shule, akashukuru kwa shule, lakini angependa sana angeulizwa. Kijana akasema hilo silo aliloulizwa. Kilifuata kimya, kisha kelele, na mwenyekiti akaona afadhali tuendelee na kipengele cha ada.

Ada ilipitishwa, shilingi elfu mbili kwa mwezi, na majina 41 yaliandikwa siku ile. Kipengele cha jina, rangi na makao kimeachwa wazi, kwa kalamu ya risasi, hadi mkutano ujao, ambao hauwezi kuitishwa kabla watu hawajapanda kutoka bondeni baada ya kuvuna mpunga.